Klachi Aliyochagua Twaibu

Mume wangu Twaibu ni fundi wa magari hapa Alunguli, na mguu wake wa kushoto haufai kitu tena. Gari likitaka kujaribiwa, mimi ndiye ninayekaa kwenye usukani na kukanyaga klachi, naye analala chini akisikiliza. Wapita njia wanatucheka. Wacheke tu, meno ni yao.

Mguu ule uliharibiwa mwaka 2002, waasi walipokuwa wameushika mji. Walimtoa nyumbani mchana, wakampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki kabla hajauliza kosa lake, wakamvusha mto hadi kambini kwao Kasuku. Kamanda wao alikuwa na jeep ndogo. Kiburi kilimtuma aitoe injini yake na kuitia injini ya lori waliloiba, ili ipite magari yote. Ilikimbia kweli, lakini klachi ya jeep haikuzimudu nguvu zile, ikawa inaungua ovyo. Fundi wa kwanza, jirani yetu Louis, aliweka nyingine ya aina ileile. Nayo ilipoungua, walimpiga risasi ya tumbo palepale alipokuwa akifanya kazi, wakamwacha alie mpaka akanyamaza mwenyewe.

Mimi nilikuwa nikivuka na mtumbwi kumpelekea Twaibu wali na sombe, yaani kisamvu, maana kambini kila mfungwa alilishwa na mkewe. Nilikuwepo siku ya kuchagua klachi. Kamanda alimrushia boksi.

"Hii iko mupya, imetoka Goma. Weka hii."

"Shefu, hii iko ya jeep. Itaungua sawa ile ya Louis," Twaibu akasema. "Acha niweke ya lori. Ile ndiyo inaweza injini hii."

Klachi ya lori ilikuwa kuukuu, imejaa kutu. Kamanda alimwekea bastola sikioni.

"Unaniletea takataka? Sawa. Ikiteleza, utamufuata Louis."

Nyuma yangu askari walikuwa wakijisifu: jeep ikipona, wanakwenda kuiteketeza Tunda, eti inawalisha Mai-Mai, wanamgambo waliopigana nao. Tunda ndiko kwetu. Mama yangu alikuwa huko. Nilipompakulia chakula nikamnong'oneza, "Baba Idrissa, banaenda Tunda. Mama iko kule."

"Rudisha sahani nyumbani," akanijibu.

Akaendelea na kazi. Alikitoa kitovu cha diski ya jeep, akakifunga kwa ribiti kwenye diski pana ya lori ili iingie kwenye jeep, kwa utulivu kama anatengeneza gari la padri. Nilimchukia. Nilitamani mkono umteleze. Alipomaliza, akamwambia dereva mbele ya kambi nzima:

"Kaka, mu potopoto, achilia mguu polepole. Hii inashika na nguvu sana."

Dereva alicheka, na kamanda akamzaba Twaibu kofi. Raia amfundishe askari kuendesha gari? Kwa watu wale hilo lilikuwa tusi. Hata kama dereva alitaka kusikia, baada ya kofi lile asingethubutu.

Jeep iliondoka, na klachi haikuteleza wala kuungua. Mbele ya Kibombo, karibu na Tunda, ilizama kwenye matope, ile potopoto aliyoitaja. Dereva akakanyaga mafuta mpaka injini ikanguruma msitu mzima, kisha akaachilia klachi kwa mkupuo. Klachi ikashika, giaboksi ndogo ya jeep ikapasuka vipande. Watu wa Tunda walikuwa wameusikia mngurumo wa lori mahali ambapo malori hayapiti, wakajua ni waasi, wakakimbilia porini. Askari walifika kwa miguu, wakakuta nyumba tupu, wakazichoma. Moja haikuwa tupu. Mzee Gérard alikuwa hawezi kutembea. Walimfungia mlango wakamchoma akiwa hai. Mama yangu aliokoka.

Waliporudi, walimlaza Twaibu, wakauweka mguu wake juu ya jiwe, wakaupiga kwa nyundo ya gereji.

"Ulifanya kusudi?"

"Nilimuambia aachilie polepole."

Nyundo ikashuka tena, swali lilelile, jibu lilelile, mpaka mfupa ukatoka nje. Kambi nzima ilikuwa imesikia onyo lake, na dereva mwenyewe alikuwa akitazama chini. Kamanda akatema mate, akaniashiria nimchukue. Nilimbeba mume wangu mgongoni hadi mtumbwini.

Tangu hapo, tukigombana kidogo tu, nilimtupia lilelile: ulitengeneza gari la wauaji. Mama yangu alinizidi. Hakukanyaga tena nyumbani kwangu Alunguli. Alinitumia mchele wa Tunda na kuagiza kwamba mkwe wake asiuonje.

Mwezi uliopita alikuja Blaise, kijana wa taksi, amepachika injini kubwa kwenye kigari chake.

"Papa Twaibu, niwekee klachi ya nguvu kabisa."

"Hapana, nitaweka hii ya katikati. Ikiteleza, utarudi na miguu tu. Ile ya nguvu haitelezi. Inavunja giaboksi."

"Umejua namna gani?"

"Kuko moja nilivunja kusudi."

Nilikuwa kwenye usukani, nimekanyaga klachi. Nilishuka, nikamkamata Twaibu kola, Blaise akarudi nyuma.

"Miaka yote hii ninakutukana, na unanyamaza?"

"Wakati ule ungemuambia mama yako. Mama yako angeambia soko muzima."

"Na vita ilipoisha?"

Alijifuta mafuta mikononi, akarudia kujifuta mikono iliyokwisha takata.

"Gérard aliungua," akasema. "Nilifikiri kila muntu atasikia injini, atakimbia."