Homa ya Mwoka Mikate

Mwoka mikate huyu walimwita Hamira, na wala si kwa sababu ya kazi yake. Tangu utotoni ukimgusa kidogo tu, anaumuka. Lakini asubuhi aliyoamka mwili unamchemka, meno yanagongana, hakufoka wala hakugomba na mtu. Alikaa kitandani, akaogopa.

Siku hiyo, baada ya siku nne za kuchomwa sindano za maandalizi, ndiyo alipaswa kumtolea dada yake seli shina. Dada mtu, mwalimu wa hesabu, alikuwa na saratani ya damu, na katika ndugu wote ni Hamira peke yake aliyelingana naye katika vipimo.

Daktari, mama mmoja asiye na mzaha, alikuwa amewaeleza. "Seli nyingi mwilini zimeshapangiwa kazi: hii ya ngozi, ile ya moyo. Seli shina bado. Hujizalisha zenyewe, na hizi za kwenye uboho wa mifupa ndizo zinazotengeneza damu yote."

"Kumbe kama donge la chachu!" Hamira alidakia. "Unamega kipande, kesho una beseni zima."

"Hujakosea sana."

"Na goti langu je?" mama yao aliuliza. "Nimeona tangazo."

"Goti, moyo, macho, watafiti bado wanahangaika navyo. Anayekuuzia leo kwa tangazo, mama, mkimbie."

Siku ile walicheka. Sasa nani wa kucheka? Dada alikuwa ameshapewa dawa kali zilizofagia uboho wake wote, mbovu na mzima. Alikuwa amelala kwenye chumba cha kioo, hana kinga hata ya mafua. Bila seli za mdogo wake asingetoka humo, na zikimfikia na ugonjwa ndani yake, vilevile asingetoka.

Mama alimgusa Hamira shingoni, akaruka. "Meza vidonge hivi vishushe joto, na mdomo ufunge. Wakijua wataahirisha, mwanangu anifie kiooni."

"Mama, nikimpelekea ugonjwa?"

"Ugonjwa gani? Uchovu huo! Meza."

Akameza. Mama ni mama, utambishia nini?

Hospitalini nesi alimpima joto, akatabasamu. "Safi kabisa." Mama akashusha pumzi. Nesi akamfunga mpira mkononi, akatafuta mshipa. Hamira aliitazama sindano, jasho likamtoka. Maisha yake yote hajawahi kumuuzia mtu mkate wa unga ulioingia wadudu, hata mteja asiyemjua. Na huyu ni dada yake, jamani!

"Nesi, ngoja. Nimeamka na homa. Nimemeza vidonge nikaificha."

Mama alisimama. "Umemuua dada yako," alisema, taratibu, bila chozi. Akamgeuzia mgongo.

Daktari alikuja mbio, akamkaripia hadi akanywea. Akamsikiliza kifua, akamchungulia koo, akachukua damu, akaondoka nayo. Wakabaki wawili mle chumbani, mama na mwana. Mifupa ya nyonga ilimuuma Hamira kama imepigwa mchi. Kila viatu vilipolia koridoni aligeukia mlango, na kila mara vilipita.

Mwishowe mlango ulifunguliwa.

"Hatujaona ugonjwa," daktari alisema. "Ni zile sindano tulizokuchoma, za kusukuma seli shina zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu. Huleta maumivu, wengine homa. Ungenyamaza ningekuwa nabahatisha, na mimi sibahatishi na mtu asiye na kinga. Lala, tuanze."

Damu ikatoka mkono mmoja, ikapita kwenye mashine iliyochuja seli shina, ikarudi mkono wa pili. Hamira hakuweza kukunja hata kiwiko. Mama akasogea kimyakimya, akamfuta jasho, akamnywesha maji. Pole hakusema, naye Hamira hakuidai.

Simu ikalia. Ni dada, kutoka kiooni. Nesi akaiweka kitandani, sauti wazi.

"Mbona mmechelewa? Nimeogopa, mwenzenu!"

"Nilikuwa na homa kidogo ya zile sindano. Nikataka kuificha."

"Mjinga wewe! Ikawaje?"

Mama akaweka kikombe chini, akamtazama Hamira.

"Mama akakataa," alisema Hamira. "Akanilazimisha nimwambie nesi."

"Huyo ndiye mama yangu," dada akasema. "Mpe simu nimshukuru."