Karani wa Moto wa Kilima cha Isumbi

Thobias Luhende hakuwahi kushika kijinga cha moto mkononi, lakini kwa miaka mitano yeye ndiye aliyekuwa akiunguza pori lote la mashariki ya Shinyanga. Alikaa juu ya kilima cha Isumbi, ndani ya kibanda cha bati, mbele yake simu ya jeshi ya kuzungusha kwa mkono, na siku ikifika alisema neno moja tu: "Washeni." Akilisema, watu mia sita huinama na kutia moto nyasi. Asipolisema, hakuna aliyethubutu kuwasha hata kiko.

Mimi nilikuwa mtu wa waya wake. Batolomeo wa Koleo, ndivyo walivyoniita. Nilitembea kutoka kilimani mpaka vituo sita vilivyozunguka pori, nikiunganisha waya uliokatwa na twiga au na wasichana waliotaka bangili. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikusimuliwa. Nilikuwepo, na mengine ninayasema kwa aibu yangu mwenyewe.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana vijana wa leo wanadhani wazungu walikuwa wanachoma pori kwa wazimu. Mbung'o walikuwa wametumalizia ng'ombe. Basi baada ya vita ofisi ya serikali iliamua pori lifungwe kuanzia Juni: mtu asiingie, asikate mti, asichome, asiline asali. Nyasi ziachwe zikauke mpaka Septemba, kisha zichomwe zote siku moja, kutoka pande zote, moto ukutane katikati. Moto wa namna hiyo haumwachii mbung'o hata kivuli cha kujificha. Haumwachii mtu njia ya kutokea pia. Ndiyo maana kabla ya neno la Thobias ilibidi kila mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, apige simu kutoka kituo chake na kusema watu wake wote wako nje.

Na wanangwa walikuwa wakidanganya. Si kwa ubaya. Kwetu, mtu akienda kulina asali hatajwi. Mke wake akiulizwa atasema amekwenda kwa wakwe, amekwenda mnadani, amekwenda popote, kwa sababu ukitaja aliko nyuki wanahama, au wanamgeukia. Mwanangwa naye ni mtu mzima mwenye adabu zake, hawezi kumhoji mke wa mtu mara mbili.

Thobias aliyajua hayo kuliko sisi wote, maana baba yake alikuwa mrina asali. Alikuwa amesoma misheni, akafanya kazi ya simu kwenye mgodi wa dhahabu Geita, vita vikamchukua mpaka Bama, huko Asia, akarudi na viatu vizuri na kikohozi. Lakini yote hayo hayakumsahaulisha mambo ya utotoni kwake. Hakumwuliza mwanangwa nani yuko porini. Alimwuliza, "Ni nyua ngapi hazijafagiliwa?" Maana mke wa mrina asali hafagii uwanja mpaka mume arudi, asije akawafagia nyuki pamoja na takataka. Wala hajipaki mafuta, mume asije akateleza mtini. Mwanangwa anapita, anatazama, anajibu mbili au tatu; hajamtaja mtu, mwiko umetunzwa. Thobias anasubiri. Pembe inapigwa ukingoni mwa pori, warina asali wanatoka wamenuna, kila mmoja na mtungi wake, halafu ndipo moto unawashwa. Kwa miaka mitatu hakufa mtu hata mmoja.

Nilimpenda Thobias kwa jambo hilo. Lilikuwa jambo la akili, tena la heshima.

Ila alipenda sifa. Alipenda sifa kama fisi anavyopenda mfupa. Bwana Miwani, mzungu wetu, alipanda kilimani mara moja kunywa chai, baada ya moto wa mwaka arobaini na nane, akamwuliza imekuwaje hatujapata maiti wakati huko kwingine wanaokotwa. Thobias akanyoosha mgongo, akaanza kueleza. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nachuna waya. Nikamkonyeza. Nikakohoa. Nikaangusha koleo. Hakuna nilichobadilisha, akaeleza habari ya nyua mpaka mwisho, na mafuta angeyaeleza pia kama birika lisingekuwa limekwisha. Bwana Miwani akacheka, akampiga begani, akaandika kwenye kijitabu chake.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Mdomo wa Thobias uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Julai ya mwaka uliofuata askari walianza kupita vijijini asubuhi na mapema, wakitazama nyua. Wakikuta takataka, wanakwenda kukaa njiani kumngojea mwenye nyumba atoke porini. Walikamata watu tisa. Wa kwanza alikuwa Mabula, shemeji yake Thobias, mume wa dada yake Zipora. Akafungwa mwezi mmoja na kuambiwa kwamba akirudia ni miezi sita. Wanawake si wajinga. Kufikia Septemba nyua zote za vijiji vile zilikuwa zinang'aa kuliko za misheni.

Siku ya moto ilitangazwa kuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi upepo ukageuka, Bwana Miwani akaona ni upepo mzuri, akaamuru pori lichomwe leo leo. Ngoma zikapigwa, watu wakaacha uji wakakimbilia kwenye vituo. Mimi nilikuwa kituo cha Mwagiha, kijiji cha Zipora, ambako waya ulikuwa umekatika. Nikauunganisha, nikatia kisikilizio changu kwenye waya ili kupima, nikawa nasikia kila kinachosemwa.

Thobias aliviuliza vituo vyote sita. Nyua zisizofagiliwa? Hakuna. Hakuna. Hakuna. Hata wa mwisho, mwanangwa Lugembe wa kwetu Mwagiha, akasema hakuna. Thobias hakuamini. Alikuwa anafikiri, maskini. Vijiji sita, Septemba ya asali, na hakuna hata mmoja porini? Nyuma yake nikamsikia Bwana Miwani akisema ikifika saa nane upepo utarudi ulikotoka na kazi ya mwaka mzima itapotea.

"Mwanangwa," Thobias akasema, "niitie Mama Nyamizi."

Zipora akaja, maana binti yake aliitwa Nyamizi. Nyuma yake akaja askari, akasimama pale pale karibu na simu, rungu kwapani, anachokonoa meno.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Shemeji yuko wapi?"

"Amekwenda Songwa. Kutafuta kazi kwenye almasi."

"Lini?"

"Juzi."

"Umefagia?"

"Nimefagia, kaka."

"Mama Nyamizi, ninayekuuliza ni mimi. Siyo ofisi."

Zipora akamtazama askari. Akatazama pori. "Songwa, kaka," akasema.

Mimi nilikuwa natazama mikono yake. Ilikuwa imepauka kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole, na visigino vimepasuka. Mwanamke yule! Hapakuwa na mwanamke Mwagiha aliyependa siagi ya kujipaka kama Zipora; akipita unamnusa kabla hujamwona. Ufagio aliushika kwa kumwogopa askari. Mafuta hakuthubutu kuyagusa, kwa sababu mume wake alikuwa juu ya mti. Thobias angemwona, angejua papo hapo. Lakini simu haina macho, na yeye alikuwa ameuliza habari ya ufagio peke yake.

Mimi nilikuwa na macho. Nilikuwa pia na kisikilizio mkononi na mdomo mrefu ambao wilaya nzima inaufahamu. Ningeweza kusema, "Thobias, subiri." Nilijiambia labda siagi imewaishia. Nilijiambia nikisema, askari atamfunga Mabula, na Zipora atanilaani. Hizo ni hadithi. Niliogopa kufukuzwa kazi, basi.

"Washeni," Thobias akasema. Alianza na kituo cha magharibi kama kawaida, upande upepo unakokwenda, ili moto ule urudi polepole na kuacha ardhi nyeusi. Kisha vituo vya pembeni. Kisha sisi wa mashariki, ambako moto unapewa mbio. Sikumbuki kama kuna jambo jingine nililowahi kuona likienda kasi vile. Watu walishangilia. Zipora hakushangilia wala hakulia, alisimama anatazama magharibi. Baadaye sana aliniambia kwamba Mabula alimwahidi kutokea upande ule kabla ya Ijumaa, na yeye alipiga hesabu akaona kwamba kufikia asubuhi ile lazima awe amekwisha kutoka. Aliweka hesabu ile upande mmoja na miezi sita ya jela upande mwingine, askari akiwa pembeni yake.

Walimkuta Jumamosi, chini ya mti mkubwa wa mtundu, karibu kabisa na ukingo wa magharibi. Moto wa kwanza ulikuwa umemzuia kutoka, na wa pili ukamkuta nyuma. Hakuwa na sura. Kilichobaki ni chuma cha shoka.

Bwana Miwani aliita baraza Mwagiha. Thobias akashuka kilimani, mara ya kwanza kumwona akitembea bila kuangalia viatu vyake. Kabla ya baraza mwanangwa Lugembe alimvuta Zipora pembeni, na mimi nilikuwepo. Akamwambia taratibu kwamba maiti huyu akiwa ni Mabula, ofisi itasema karani alijua shemeji yake yuko porini na akaficha kwa ajili ya undugu. Kaka yako atafungwa. Wewe pia, kwa kusema uongo kwenye simu ya serikali. Mtoto atabaki na nani? Akiwa ni mtu asiyejulikana, ni mtu aliyevunja sheria akafa, basi.

Wakaliweka shoka mezani. Chuma kile kilifuliwa kwenye mgodi wa Geita; Thobias mwenyewe ndiye aliyekileta, zawadi kwa shemeji yake mwaka Zipora alipoolewa. Hakuna mwingine kijijini mwenye shoka la chuma kile.

"Unalijua shoka hili?" Bwana Miwani akauliza.

"Silijui," Zipora akasema.

"Mume wako yuko wapi?"

"Songwa."

Thobias alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilimwona akifungua mdomo. Mdomo ule uliosema yote kwa birika moja la chai, siku hiyo ulifunguka ukafungwa bila kutoa sauti. Nikamchukia kwa moyo wangu wote, na hata sasa nikiwa mzee sijamaliza kumchukia, ingawa tulikula pamoja miaka mingi. Wafungwa wawili wakamzika maiti kando ya ukanda uliofyekwa kuzuia moto. Kitabuni wakaandika mtu asiyejulikana.

Watu wanadhani kufiwa ndilo jambo gumu. Gumu ni kufiwa usiruhusiwe kufiwa. Zipora hakunyoa nywele, hakulala chini na wenzake, hakuna aliyemletea unga wala kumshika mkono. Kesho yake ilibidi afagie. Ilibidi ajipake siagi, aende kisimani, na mtu akiuliza, "Baba Nyamizi hajambo huko Songwa?" ajibu kwamba hajambo, ametuma salamu. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Wanaume walimtaka na akawakataa wote. Angeolewaje, mume wake akiwa hai? Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilimsaidia kudanganya, na huo ndio wema wetu.

Thobias aliendelea na simu yake mwaka mmoja zaidi mpaka ofisi ilipofunga kituo. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa dada yake na chumvi na sukari. Wanakaa kwenye vigoda, wanazungumza habari ya mvua. Hata siku moja sikuwasikia wakimtaja Mabula.

Lakini kulikuwa na Nyamizi. Alikuwa na miaka saba pori lilipochomwa, na mtoto wa miaka saba unamwambia lile lile unalowaambia majirani. Alikua na baba wa Songwa. Mwaka hamsini na nane akaposwa, na mposaji alikuwa kijana mzuri, mkulima wa pamba. Nyamizi akasema haolewi mpaka baba yake aje kumpokea mkwe wake; kama hajui kwamba ana binti mkubwa, yeye atakwenda kumwambia. Alisema hivyo mbele yetu, anacheka. Zipora akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikamtazama Thobias. Nikasema moyoni, sasa, ewe mwanaume, sasa. Akaomba kalamu. Akamwandikia barua karani wa kule Songwa, kwa mwandiko wake mzuri wa misheni, kwamba amsaidie mwenye barua hii kumtafuta baba yake, jina Mabula, mtu wa Mwagiha, aliyekwenda kuomba kazi Septemba mwaka arobaini na tisa. Akaikunja mara mbili, akampa.

Nyamizi alikaa siku tisa. Akarudi na vumbi mpaka kwenye kope, na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni kwa mtu. Alipiga magoti mbele ya mjomba wake.

"Mjomba, yupo! Mzee mmoja pale anamkumbuka Mabula wa upande wetu, mrefu, mwenye kovu. Anasema alihamia kwenye dhahabu, Geita." Akamshika mikono yote miwili. "Mjomba, wewe Geita umefanya kazi, unaifahamu. Utanipeleka?"

Mabula alikuwa mfupi, na hakuwa na kovu.

"Nitakupeleka," Thobias akasema.