Kura ya Mheshimiwa

Fundi cherehani waliyemwita Bi Futi, kwa ajili ya ile tepu ya kupimia isiyomtoka shingoni hata akienda sokoni, hakuwa mtu wa siasa. Siasa alimwachia mumewe. Mume alikuwa kinyozi, na kiti chake kimoja cha kuzunguka kilikwisha kusikia kampeni nyingi kuliko jukwaa lolote. Ukikaa pale, unatoka na kipara na ilani ya chama. Wateja walimwita Mheshimiwa, naye hakuwakataza.

Tume ya uchaguzi ilipotangaza nafasi za makarani wa vituo, wote wawili waliomba. Bi Futi akapata. Mheshimiwa akaachwa, maana fomu iliuliza kama mwombaji ni mfuasi wa chama chochote, naye akajibu kurasa mbili.

Bi Futi akaenda mafunzo siku tatu. Daftari lake la vipimo vya magauni likajaa maneno mapya: wakala wa chama, mgombea binafsi, kituturi, yaani kile kijumba cha kupigia kura bila kuchunguliwa. Jioni mumewe alilichungulia, akaguna.

“Haya yote si ungeniuliza mimi?”

“Ningekuuliza, lakini mafunzo ni ya siku tatu tu.”

Siku ya kupiga kura aliwekwa meza ya kwanza, mlangoni mwa darasa, kazi yake kukagua kadi na kutafuta majina daftarini. Kwenye saa nne Mheshimiwa akafika na shati lililopigwa pasi hadi mikono, amesalimia foleni nzima kama mgombea. Akasimama mbele ya mkewe, akatabasamu.

“Kadi,” akasema Bi Futi.

Akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa wa suruali. “Nimeiacha nyumbani, mama watoto. Si unanijua?”

“Nyumbani nakujua. Hapa najua kadi.”

“Miaka ishirini na sita!”

“Anayefuata, tafadhali.”

Foleni ikaangua kicheko. Mheshimiwa akarudi nyumbani kwa miguu, akapekua kabati zima, akaja tena na jasho, akapanga foleni upya. Safari hii mkewe akalisoma jina lake kwa sauti, akalipigia mstari kwa rula, akampisha. Kituturini alikaa mno, hata askari akakohoa.

Saa kumi kituo kikafungwa, sanduku likamwagwa mezani. Msimamizi wa kituo alikuwa akiinua karatasi moja moja mbele ya mawakala. Kufika katikati akaisogeza moja dirishani.

“Hii ina vema kwa mgombea wa pili. Chini yake kuna maandishi.” Akasoma: “‘Mtaro wa nyuma ya soko usisahauliwe. Ni mimi Mheshimiwa, kinyozi.’”

Wakala wa mgombea wa pili akadai ihesabiwe, kwani vema iko palepale. Mwenzake akapinga: kura ni siri, na huyu amejitaja mpaka kazi. Msimamizi akafungua mwongozo. Karatasi yenye jina la mpiga kura huhesabiwa kuwa imeharibika. Macho yote yakamgeukia Bi Futi. Masikio yalimwaka, na kwa dakika ile angemfunga mumewe mdomo na mkono kwa uzi wa jeans.

“Mnanitazama nini?” akasema. “Iwekeni na zilizoharibika.”

Mgombea wa pili alishindwa pale kwa kura kumi na moja, kwa hiyo lawama haikupata pa kukaa.

Mheshimiwa alikuwa akimngoja kizingitini. “Tumepata ngapi?”

“Mia mbili na tatu.”

“Na yangu humo!”

“Yako haimo, baba. Imo kwenye bahasha ya zilizoharibika. Nani kakutuma utie jina?”

Akakaa kwenye kigoda taratibu. Bi Futi akamwonea huruma kidogo, akamwekea chai. Kinyozi akainua uso.

“Waliisoma?”

“Kwa sauti.”

“Na mawakala wa vyama vyote walikuwapo?”

“Wote.”

“Basi mtaro wameusikia,” akasema, akavuta kikombe.

Bi Futi alicheka hadi akaegemea cherehani. Kesho yake, wateja walipouliza habari za uchaguzi, Mheshimiwa aliwaeleza vizuri sana maana ya kura iliyoharibika, kwa mfano wa jamaa mmoja anayemfahamu.