Kondoo wa Mbao Ndani ya Majani

Gunia ya majani chai ikifunguliwa, kabla hata hujaona kitu ndani, harufu inakupiga kwanza. Ni kama nyasi imelowa ikawekwa karibu na mapera yameiva, na chini yake kuna joto, joto ya kitu iko hai. Kuna watu wanasema inanukia vizuri. Mimi ikinipata, mkono wa kulia unaanza kutafuta kitu peke yake, na narudi kuwa mtoto wa nasari amesimama kwa mvua na gambuti za mtu mwingine miguuni.

Wacha niwaambie. Na msinicheke mapema, nafasi ya kucheka itafika.

Tulikuwa tunakaa huko juu ya Mogogosiek, mimi na Mama, kwa chumba moja nyuma ya boma ya Kogo. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis. Hakuwa nyanya yangu, lakini kila mtu alimwita hivyo, na mimi ni nani nikatae. Shamba ya majani ilikuwa yake, namba ya kuuzia majani kwa senta ilikuwa yake, Mama alikuwa wa kumchunia tu. Sisi watu wa ziwa tulipanda huko juu na ndoo, godoro na majina yetu ya ugeni. Kogo akisema kaa, tunakaa. Akisema ondoka, hatuna hata pa kuweka hiyo godoro. Hiyo niliijua mapema sana. Mtoto wa chumba ya nyuma anajua hizo vitu kabla ajue kufunga kamba ya viatu.

Mwaka huo Madam Chepkoech, mwalimu wetu wa nasari, alileta kitu mpya. Mfuko ya kitambaa ya bluu, iko na zipu. Ndani kulikuwa na kadi za picha, shanga na kamba, vikombe vya kupanga, na wanyama wadogo wa mbao, kila mmoja kama kidole gumba. Kila Ijumaa mtoto mmoja anaenda nayo nyumbani, anacheza na mzazi, Jumatatu anairudisha, Ijumaa ingine ni zamu ya mwingine. Na mzazi, Madam alirudia kwa mkutano. Si na dada, si na kuku. Baba mmoja huko nyuma akakohoa.

Halafu akasema ile kitu ilifanya hata sisi watoto tuache kusukumana. Kitu moja ikipotea, mfuko inaingia kwa kabati ya ofisi, na haitoki tena. Alipinda mkono hewani kama mtu anafunga kufuli, na mimi nikasikia hiyo kufuli.

Mnyama tulipenda wote ni kondoo. Alikuwa na sikio moja. Hiyo ingine ilitafunwa na mtoto wa kwanza kabisa kupewa mfuko, na Madam akaamua hiyo haihesabiki kama kupotea, kwa sababu kila mtu alijua sikio iko wapi. Kiprono, mwenye zamu baada yangu, alikuwa anamuota huyo kondoo. Siku nilipewa mfuko alinishika sweta akaniambia, "Achieng, wewe cheza tu na ng'ombe. Kondoo mwache apumzike, Ijumaa anakuja kwetu."

Ijumaa hiyo Mama alirudi giza imeingia, akala nusu ya ugali, akalala kijiko iko mkononi. Mfuko ilikaa kwa kona. Jumamosi alitoka tena kuchuna. Jumapili ni kanisa na kufua nguo za wiki nzima. Kwa hivyo Jumamosi mchana nikabeba mfuko yangu nikamfuata senta, pale wachunaji wanangoja lori ya kiwanda, nikakaa chini mbele yake na nikafungua zipu bila kuomba ruhusa.

Mama aliniangalia. Akaangalia barabara. Lori ya siku zile ilikuwa inachelewa mpaka watu wanaanza kusalimiana upya. Akapangusa mikono kwa eproni, ile mikono nyeusi ya utomvu wa majani, akasema, "Leta hiyo kadi."

Kadi ilikuwa na picha ya mama na mtoto na beseni. Ficha wanyama kwa mchanga, ama mahindi, ama kitu yoyote mko nayo. Mtoto afunge macho, atafute na mkono, ataje jina. Sasa nyinyi niambieni, mtu ako senta ya majani ako na nini? Mama alivuta kikapu yake imejaa, akazika wanyama ndani ya majani ya Kogo, mmoja mmoja, akinifunika macho na kitambaa yake ya kichwa.

Sijawahi kuwa na furaha kama hiyo. Majani ilikuwa baridi juu na joto chini. Nikishika mguu napiga kelele, "Ng'ombe!" na Mama anasema, "Hapana, usikimbie. Angalia na vidole." Wanawake walikuwa wanacheka. "Mama Achieng leo anachuna mbuzi!" Na mimi, kwa sababu mdomo yangu haijawahi kupata likizo, nikawaambia wasijali, kesho tutachuna matatu nzima ya kwenda Kericho.

Hapo ndio mvua iliangusha matone ya kwanza, na lori ikapiga honi kwa kona. Mapema. Siku hiyo moja tu, mapema.

Mnajua vile inakuwanga. Siku ya kawaida unamwaga majani yako kwa meza, karani anapitisha mkono, anatoa vijiti na majani mzee, ndio unapimiwa. Karani wetu, Weldon, alikuwa kijana wa shati safi na hakuwa na mchezo. Wiki iliyotangulia tu alipata karatasi ya plastiki kwa majani ya mama mmoja mchunaji, na kesho yake mwenye shamba akamfukuza. Tulimwona akipita na watoto, godoro kwa kichwa. Weldon alisema mbele ya watu wote, "Msifikiri mtajificha. Huko kiwanda wanajua kila jani imetoka kwa nani." Mimi niliamini kabisa. Nilikuwa naona mzee amekaa huko na miwani, anaangalia jani moja moja na kusema, hii ni ya Kogo.

Lakini siku ya mvua Weldon alipiga kelele, "Wacheni meza! Mizani, mizani!" Watu wakasukumana. Mama alikuwa anavuta wanyama kwa majani na kunitupia, mimi naweka kwa mfuko. Mtu akabeba kikapu yetu. Ikapimwa, Kogo, alikuwa amefika kwa mizani, akapewa risiti, majani ikamwagwa kwa gunia pamoja na ya watu wengine, maana hakuna gunia ya mtu, inajazwa tu mpaka ijae. Ikafungwa. Ikarushwa kwa lori.

Chini ya mabati ya senta nikafungua zipu. Ng'ombe. Mbuzi. Kuku. Paka. Punda. Nikaingiza mkono tena mpaka kwa kona ya mfuko. Nikageuza mfuko yote.

"Mama," nikasema pole pole. "Kondoo."

Mama hakuuliza kondoo gani. Aliangalia lori. Alinishika mkono, akaufinya mpaka vidole vyangu vikalala moja juu ya ingine. Magunia ilikuwa inaendelea kupanda, na zote zilifanana. Kogo alikuwa hapo karibu, anakunja risiti yake vizuri na kuiweka kwa kifua, anacheka na jirani. Hakuna mtu alijua. Mimi na Mama peke yetu, na mvua.

Nilitaka kusema kitu ya kuchekesha. Ndio mara ya kwanza nilitafuta nikakosa. Niliona godoro yetu. Niliiona kwa kichwa ya Mama, inalowa.

Halafu Kiprono akatokea, amejifunika gunia kama kofia, amekuja na mama yake. Akainama karibu na mfuko. "Kondoo yangu iko sawa?"

Nilifunga zipu. Mama aliniangalia nikifunga. Akamwangalia Kiprono. Dereva akawasha injini.

Mama akaachilia mkono wangu, akatoka kwa mvua, akasimama mbele ya lori.

"Weldon! Mwambie azime!"

"Mama Achieng, toka kwa barabara."

"Kuna kitu kwa majani."

Hapo watu wote wakageuka. Weldon akashuka pole pole kutoka juu ya magunia. "Kitu gani?"

"Kondoo."

Mtu mmoja akacheka. Mmoja tu, na akaacha. Mama akaeleza: ya nasari, ya mbao, tulikuwa tunacheza. Kila neno ilitoka ikiwa fupi kuliko ingine. Kelele ikaanza. Majani ikikaa kwa gunia inapata joto inaungua, na majani imeungua kiwanda inarudisha, ya kila mtu. "Tumechuna toka asubuhi ndio mtoto wako acheze?" Dereva akatoa kichwa: "Mimi niko na senta zingine mbele, amueni!"

"Ni mimi niliweka," Mama akasema. "Si Kogo. Andika mimi."

Weldon akamwangalia kutoka kichwa mpaka gambuti. "Nikuandike wapi? Wewe hauna namba."

Hiyo sentensi sijawahi kuisahau. Macho zote zikageukia Kogo, mwenye namba. Kogo alikuwa amesimama tu, anatafuna hewa vile wazee wanafanya. Nilihesabu vitu tutabeba: godoro, ndoo, sufuria. Nilikuwa nimeshafika kwa kijiko.

"Hiyo kontoo," Kogo akauliza na ulimi yake ya Kikipsigis, "ni ya nani?"

Basi mimi nikajibu, na sauti kama ya panya: "Ni ya Kiprono, Kogo. Ijumaa."

Kogo akatoa shuka kwa mabega, akaiweka kwa mikono ya Kiprono, akakunja mkono ya sweta yake. "Msimwage, majani italowa. Fungueni, muingize mkono kama hawa wawili walikuwa wanafanya. Weldon, wewe ndio wa kwanza."

Dereva akasema atatupa muda ya yeye kukaza kamba za turubai, basi. Akaanza upande wa kushoto, na mimi nilikuwa namwangalia yeye kuliko magunia. Kamba ya kwanza. Ya pili. Wanaume wazima walikuwa wamepanda kwa lori, mikono ndani ya magunia mpaka kwapani, wamefunga macho bila kuambiwa. Mama yake Kiprono alikuwa anasonya kila akitoa mkono bure. Mtu akapiga kelele, "Nimepata!" na ilikuwa kijiti. Mwingine akapata chanuo, na hakuna mtu alikubali ni yake. Dereva akaingia upande wa kulia. Gunia zikabaki chache.

Weldon alikuwa kwa gunia ya kona, shati safi imeisha. Akasimama ghafla. Akageuza uso juu, mvua inamwingia machoni, mkono yake inatembea huko ndani.

"Achieng," akaita. "Iko na masikio ngapi?"

"Moja!"

Akatoa mkono. Kondoo alikuwa kijani mgongoni, amekunywa utomvu. Watu wakapiga makofi, Kiprono akaruka na shuka ya Kogo mpaka kwa matope, na lori ikaondoka kabla hata Weldon kushuka vizuri.

Ningependa kuwaambia iliishia hapo. Jumatatu mfuko ilirudi nasari ikiwa kamili, hiyo ni kweli, na Ijumaa ikaenda kwa kina Kiprono. Lakini Weldon alimwambia Kogo kwamba Mama asionekane kwa senta mpaka msimu uishe. Kogo hakutufukuza. Alimpa Mama kazi ya ng'ombe na kupalilia, kazi ya jasho mingi na chakula kidogo, na hiyo miezi tulikula mboga mpaka nikaanza kuogopa nitaota majani. Watu wakamwita Mama Kondoo. Mimi niliitwa Kondoo mpaka darasa la nane, na nilijibu.

Miaka yote hiyo nilifikiri najua kwa nini Mama alisimamisha lori. Alikuwa anaogopa yule mzee wa miwani wa kiwanda. Angetushika tu, sasa afadhali ujiseme. Hata nilimwonea huruma kidogo, vile mtu mwerevu anamwonea mwoga huruma.

Halafu nikakua, shule yangu ikaishia kwa cheti ya darasa la nane, na mwaka jana nikapata kibarua ya kiwanda, kumwaga magunia. Siku ya kwanza nilisimama pale kwa vile vitanda virefu vya kunyausha majani nikaona gunia ya senta yetu inamwagwa, na juu yake ya senta ingine, na ingine, yote inachanganywa na mikono. Nikauliza msimamizi, sasa mkipata kitu hapa mnajua aje ni ya nani? Alicheka sana.

"Hapa majani haina mwenyewe. Tunatupa hicho kitu, tunaendelea."

Mama mmoja mzee akaniangalia vizuri akasema nafanana na msichana alikuwa anamwaga magunia hapo hapo nimesimama, zamani, kabla arudi kwao kupata mtoto. Akataja jina. Ilikuwa jina ya mama yangu.

Jioni nilimpata Mama ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Nilikuwa nimepanga mzaha njia yote, ikanipotea kama ile siku ya mvua.

"Mama, ulikuwa unajua. Ungenyamaza hakuna mtu angetupata."

Hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe ndani ya maharagwe, vinaangalia.

"Ijumaa ilikuwa ya Kiprono," akasema.

Sasa kabla nimwage gunia yoyote, naingiza mkono kwanza, mpaka kwapani, nafunga macho. Msimamizi aliniuliza natafutanga nini huko. Nilimwambia kondoo. Alicheka, akaenda, na mimi nikaendelea kuangalia.