Shavu la Kushoto

Kaka yangu aliamka asubuhi moja chai ikimchuruzika pembeni mwa mdomo. Uso ulikuwa umemwenda upande, shavu la kushoto limelegea, jicho la upande huo halifumbi. Hospitali walimwambia ni mshipa wa fahamu wa usoni, utarudi, ila polepole. Majirani zetu hapa Mlingotini walimpa pole, wakamshukuru Mungu kwamba mikono na miguu ni mizima. Mimi sikuweza kushukuru. Kaka ni mpiga zumari, na bila mashavu hakuna zumari.

Zumari haitakiwi kukata. Unaweka akiba ya hewa mashavuni, unaisukuma huku ukivuta nyingine kwa pua, na sauti inakwenda bila kituo huku ngoma na upatu wa shaba vikilia chini yake. Kundi letu lina zumari mbili, yangu na ya kaka. Yeye ndiye aliyenifundisha, lakini tangu mwanzo aliyesifiwa kwa pumzi ni mimi. Kina mama harusini walisema nimezaliwa na mapafu ya akiba. Nilikuwa nikisikia hivyo natembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Baada ya ugonjwa tulipiga harusi mbili, zote mbaya. Hewa ilimvuja kaka pembeni mwa kile kipande cha kifuu tunachokibana midomoni, na sauti yetu ikawa na mashimo. Mwenye ngoma, yule ambaye ngoma zote ni zake na mialiko yote hupitia kwake, alinivuta kando.

"Mwambie kaka yako apumzike. Nimepata mtu wa kinanda. Sauti ya zumari imo humo humo, na haiugui."

"Mwambie mwenyewe."

"Basi tufike Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, ile harusi ya Zinga. Akikata kule, ndiyo basi tena."

Nilirudi nyumbani na bodaboda nikimfokea dereva ambaye hakunikosea chochote.

Ramadhani huwa hatupigi. Ngoma zinafunikwa, zumari zinaning'inizwa ukutani, na mwaka huo mwezi ule niliuona mrefu kupita kiasi. Sikutulia popote. Kaka akanituma bua la jani la mpapai. Akalikata kipande, akalitumbukiza kwenye kikombe cha maji na kuanza kupuliza mapovu, akijitahidi yasikatike, kama alivyonifundisha mimi zamani. Alifanya hivyo kila siku baada ya alasiri, maana alisema ukishafuturu tumbo linabana pumzi. Maji hayakumfika kooni. Alikuwa anapuliza tu, havuti.

Lakini jirani akichungulia juu ya ua anaona nini? Anaona mtu mzima, mchana wa Ramadhani, ana mrija mdomoni. Haikupita siku mtaa mzima ukajua kwamba kaka anakunywa juisi nyuma ya nyumba. Mwenye ngoma akanipigia simu kuniuliza, kwa upole ule unaokera, kama ni kweli ugonjwa umefika hadi kwenye dini. Nilikata simu, nikavaa viatu niende kwa huyo jirani nikamwambie maneno ambayo yangeniharibia saumu.

"Kaa chini," kaka akasema. "Wewe ukikasirika unapumua vibaya."

Shemeji yangu, mkewe, alikuwa anachagua mchele. Akacheka hadi akauweka ungo chini. Kesho yake kaka alihamia barazani, mbele kabisa, na bilauri ya kioo, ili wapitao waone maji hayapungui. Watu wakawa wanamwamkia shikamoo macho yakiwa kwenye bilauri. "Marahaba," anajibu, anarudi kwenye mapovu yake. Uvumi ukafa. Ila mapovu bado yalikuwa yanakatika.

Nilikaa pale karibu naye, miguu ikinichezacheza, nikaanza kusikiliza yanakatika wapi. Niligundua kwamba hayakatiki ovyo. Kwanza bega la kushoto linapanda kidogo, halafu ndiyo kimya. Mimi si mtu wa kungoja. Nikila namaliza wa kwanza, nikitembea na mtu namwacha nyuma, na kwenye zumari nilikuwa hivyo hivyo, nakimbilia madoido yangu na kumwachia kaka njia kuu ya wimbo. Sasa ilinibidi nijifunze kulitazama bega la mtu mwingine, na nikiri kwamba lilinichosha kuliko saumu.

Zinga tulikuta jua kali na spika zimezimwa ili tuanze sisi. Mtu wa kinanda alikuwa ameshafika, ameketi chini ya turubai, nyaya zake bado zimekunjwa. Tulianza. Bega la kaka likapanda. Nikaacha madoido, nikashuka kwenye sauti yake, nikaishika mpaka aliporudi. Likapanda tena, nikashuka tena. Mimi nilivuta pumzi pale tu alipokuwa imara. Sikumbuki tulipiga wimbo gani, nakumbuka lile bega. Bibi harusi alitolewa ndani kwa vigelegele, akafikishwa kwenye kiti chake, na zumari ilikuwa haijakata hata mara moja.

Mwenye ngoma alikuja mwenyewe akamshika kaka mkono. "Umepona, bwana," alisema. Kaka akamshukuru. Nyaya za kinanda hazikukunjuliwa siku ile.

Baadaye tuliketi nyuma ya nyumba na sinia la pilau. Kaka alikuwa anatafuna kwa upande mmoja.

"Leo umeniziba mashimo yote," akasema.

"Kumbe umesikia?"

"Niache kusikia vipi? Ndivyo nilivyokuwa nakufanyia wewe, tangu unaanza mpaka nilipougua. Wimbo ukikolea tu, unakata."

Nilimtazama nikidhani ananitania, maana utani anaupenda. Hakuwa anatania. Alikuwa ananisogezea nyama upande wangu wa sinia. Nikazikumbuka zile harusi mbili mbaya, na jinsi sote tulivyolitazama shavu lake, mimi nikiwa wa kwanza. Nikamrudishia ile nyama upande wake. Miaka yote ile nilijua nina pumzi ndefu.