Mwezi wa Kwenda Pilgrim's Rest

Perpetua, fundi cherehani wa Doornfontein, Johannesburg, hapendi safari, wala hapendi kusimuliwa safari za watu. Mji mmoja tu ndio uliomkosesha raha: Pilgrim's Rest, mji mkongwe wa dhahabu huko kaskazini mashariki, mwendo wa saa tano kwa gari. Huko ndiko alikozikwa baba mkwe wake, mchimbaji, kabla mumewe Thabo hajakimbilia Tanzania na kumwoa yeye Morogoro. Alama ya kaburi ilikuwa kikombe cha bati cha bluu, kilichopachikwa kwenye saruji. Waliporudi Afrika Kusini walikwenda kulitafuta mara tisa, na mara zote tisa walirudi mikono mitupu. Thabo akafa akisema, "Mama Luka, nitafutie baba."

Walikuwa wakienda Desemba. Wangekwenda lini tena? Johannesburg nzima hufunga kazi Desemba, na watalii wenyewe huusifu msimu huo: milima kijani, mito imejaa. Perpetua alikuwa akijiandaa kwa Desemba ya kumi, magoti yakiruhusu, siku Damien alipoleta suruali ya kupunguzwa. Damien ni dereva Mkongo wa Hillbrow, hupeleka watu wa makanisa matembezini. Perpetua akamweleza habari ya kaburi.

"Eish, maman, Desemba majani inakuwa murefu sana," alisema. "Twende mwezi wa munane. Banachomaka majani, kila kitu inaonekana."

Perpetua alikasirika. Hakumkasirikia Damien, alijikasirikia mwenyewe. Mtoto wa mkulima mzima, miaka yote hiyo, hakuwaza habari ya majani!

Agosti waliukuta mji umepauka, vumbi tupu, watalii wa kuhesabu. Mlima wa makaburi ulikuwa mweusi kwa moto. Hata nusu saa haikuisha, Damien akaita. Kikombe kilikuwa pale pale kwenye saruji yake, kimejaa masizi.

Perpetua alipiga yale magoti yake mabovu, akakipangusa kwa khanga mpaka bluu ikatokea.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Mwanao hakukusahau," akaendelea, machozi yakimtoka. "Alikuja mara tisa, baba. Kila mara alipita hapa hapa."