Ukumbi wa Dansi wenye Mlango Mwekundu

"Uko unaendesha? Paki kwanza, dada." Mwimbishaji wa kwaya yetu aliponiambia hivyo kwenye simu, nilijua kuna mtu amekufa. Sisi, Wakenya kwa Wakongo, habari ya msiba hatuitupi usoni mwa mtu. Mfiwa huambiwa mgonjwa amezidiwa, akaitwa nyumbani, akakuta jamaa wamejaa, na ndipo anapoambiwa, akiwa mikononi mwa watu. Basi nikaegesha mbele ya duka la dawa, hapa Amherst, kitongoji cha jiji la Buffalo, Marekani, nikaambiwa kwamba yule mzee Mkongo niliyefanya kazi naye katika makao ya wazee ameondoka usingizini. Tangu hapo kichwa changu hakijatulia, na wasomaji wangu mtaniwia radhi nikiandika kama mtu aliyepotea njia.

Yeye alikuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee. Mimi ni muuguzi. Nimekaa Buffalo miaka kumi na mitatu nikijua barabara tatu tu: ya kazini, ya kanisani na ya dukani. Yeye ndiye aliyenitoa tongotongo machoni. Pale makaoni kulikuwa na bibi mmoja Mzungu, asiyeweza kutembea, aliyemtuma mzee huyo kila wiki akamtazamie kitu fulani cha ujana wake: maghala ya nafaka kando ya mto, mnara wa ofisi za jiji, ziwa likianza kuganda. Mzee hakuwa na gari, kwa hiyo siku ya mapumziko alinipigia simu, akianza kwa Kifaransa chake cha Kongo. "Donc, dada, mama ananituma tena. Tuende tuone." Tukifika, alikagua kila dirisha na kila ngazi ili akirudi asikose la kujibu.

Siku moja alitumwa kwenye ukumbi wa dansi katika mtaa wa West Side, mahali bibi alipokutana na marehemu mumewe. Tulizunguka mtaa mara tatu. Palikuwa pamegeuka uwanja wa kuegesha magari, na theluji imesukumwa pembeni. Mzee alivua kofia akasimama kama yuko makaburini. Kesho yake nikamsikia akimwambia bibi kwamba ukumbi upo, na mlango umepakwa rangi mpya, nyekundu. Nilimvuta kando nikamfokea, maana kazini kwetu kumdanganya mgonjwa ni kosa.

"Bon, dada, ule mama ni muzee, iko peke yake mu chumba. Akianza kulia, nani atamushika?"

Nikarudi kwenye dawa zangu nimenuna.

Mzee alipokufa, zamu ya kumwambia bibi ikaniangukia mimi. Nami, niliyemfokea mwenzangu, nikasema amesafiri kwenda mji wa Columbus kumwona bintiye. Bibi aliitikia tu. Siku ya nne akasema kwa kuwa msafiri hayupo, nimpeleke mimi akauone ukumbi wake. Nilitafuta kila kisingizio, baridi, kiti cha magurudumu, ruhusa, na vyote akavikataa. Nikampeleka, nikaegesha kwenye uwanja ule ule.

"Waliubomoa nikitazama," akasema. "Zamani sana."

Kumbe alijua siku zote. Akanieleza kwamba alimwona mzee, tangu afiwe na mkewe, hajui kingine ila kazi, basi la jiji na kitanda, akabuni safari za kumtoa nje. Na ule mlango mwekundu? Aliupokea kama zawadi. Hapo nikachanganyikiwa kabisa: nani alikuwa akimtunza nani? Kisha akanigeukia.

"Na yeye amekufa, sivyo? Siku nne mnanisalimu kwa sauti za chini. Nimelia peke yangu mpaka nimechoka."

Siku hizo nne sisi wa kwaya tulikuwa tumejazana katika nyumba ya mbao ya msiba huko West Side, tukiimba, tukipikiana, kila mtu na bega la kulilia. Nilikuwa nimeshika nusu ya desturi yetu na kuiacha nusu. Msiba hufichwa kwa muda ili watu wapate kukusanyika. Ukificha bila kumkusanyia mtu yeyote, umemtupa tu mfiwa. Hayo mengine ya wazee wale wawili bado siyaelewi, ila hili nimelielewa. Nilizima gari, nikahamia kiti cha nyuma alipokuwa, nikamshika, tukalia wote wawili, na niliona aibu kwamba nimechelewa siku nne.